Mashine Haijakufa

"Ile mashine ilikufa, mama," bosi alimwambia mjane kwa mara ya tatu. "Ramani za mtaa wa Kanyosha zote zilipotea. Mwachie jirani yako kile kiwanja mnachogombania."

Khadidja, fundi wa kompyuta wa ofisi ile ya kupima ardhi, alijua ni uongo. Mashine ilikuwa hai, inanguruma chini ya meza. Ilijua njia ya zamani tu ya kugawana mafaili, na Linux mpya, programu inayoendesha kompyuta ya Khadidja, ilikuwa imeifunga njia hiyo kwa usalama.

Aliandika mstari mmoja wa kuiruhusu, akagonga kitufe mpaka kidole kikamuuma. Majina ya mafaili yakamiminika kwenye skrini.

"Nani alikuambia ufungue?" Sauti ya bosi ilibadilika. "Funga!"

"Apana, patron. Mi sifungi."

Alifungua ramani ya kile kiwanja, akamgeuzia mjane skrini. Mjane akaweka kidole juu ya kioo, udongo wa shamba bado umo kwenye kucha, akasoma jina lake herufi moja moja.

Bosi akanyoosha mkono kwenye waya wa umeme wa mashine.

Khadidja akasimama mbele yake. "Gusa," alisema. "Gusa, uone."