Mshokishoki wa Ndooni

Asubuhi mume wa Sumirah alipoanguka asiinuke tena, mbegu ya shokishoki aliyoifukia kwenye ndoo ya rangi ilikuwa ndiyo kwanza imetoa majani mawili.

Sumirah aliumwagilia mche ule siku elfu moja. Jana wakasoma hitima ya siku ya elfu na kusimika jiwe la kaburi, kama wafanyavyo Wajava. Mjane sasa alikuwa huru kurudi kwao. Begi lake lilikuwa mlangoni.

"Begi halikimbii," alisema mama mkwe kutoka barazani. "Panda kwanza mti wa mwanangu."

"Si upande wewe, Mama?"

"Kwa magoti haya? Hata kitanda nakipanda kwa dua! Ila ujue, kwetu anayepanda ndiye anayemwagilia mpaka tunda la kwanza. Ukiguswa na mkono mwingine, hunyauka."

Sumirah aliipasua ndoo kwa panga. Mizizi ilikuwa imejizungusha, duara juu ya duara, na hata ndoo ilipotoka, mizizi ilibaki na umbo lake.

"Fukia hivyo hivyo, jua linakuja."

Ukifukiwa hivyo, mti ungejikaba wenyewe ukafa mapema, na hakuna ambaye angemlaumu Sumirah akiondoka.

Alilitazama begi. Kisha akaukata mzizi mnene kuliko yote, akakata na wa pili, akaitandaza mingine shimoni kwa vidole, mmoja mmoja, akafukia.

Mshokishoki wa mbegu huanza kuzaa mwaka wa sita au wa saba. Huu una miaka mitatu.