Bata Maji wa Kwanza

"Leo nimeona korongo wawili wanaogelea," alisema Bwana Kanemaru kwenye simu, saa moja kamili kama kila asubuhi, na akamsikia Bibi Todaka akishusha pumzi upande wa pili wa ziwa.

"Korongo haogelei, Kanemaru. Anasimama. Hao ni bata."

"Basi macho yangu yanafaa kutiwa kwenye supu tu."

"Hata supu itayakataa. Umekula?"

"Wali na figili za chumvi. Na wewe?"

"Mwenye kitabu ni mimi. Maswali nauliza mimi."

Kitabu chenyewe ni kile cha ndege wa majira ya baridi, alichoachiwa na marehemu mumewe. Kila ndege mgeni huandikwa humo pamoja na jina la aliyemwona. Mstari ambao kijiji kizima huusubiri ni ule wa bata maji wa kwanza, yule mweupe mwenye shingo ndefu anayeshuka kutoka Siberia. Jina lililo kwenye mstari huo husomwa mbele ya watu siku ya kutwanga mochi, mikate ya wali wa kunata ya mwaka mpya. Kanemaru alikuwa amevua samaki katika ziwa hilo miaka arobaini, na jina lake halijasomwa hata mara moja. Alilitamani hilo kuliko alivyopenda kukiri.

Lakini kwa rekodi yake ile, nani angemwandika? Mwezi huo wa Novemba peke yake alikuwa ameripoti bata bukini, kumbe kuku wa jirani. Wiki iliyofuata akapiga simu kwa shangwe kutangaza bata maji, na ulikuwa mfuko mweupe wa mbolea ulionasa kwenye matete. Pale kwenye ushirika wa wavuvi walimuuliza kama mfuko umeshaendelea na safari yake ya kusini.

"Bado," alijibu Kanemaru, akicheka kabla yao. "Nimeukalia nusu saa nzima nikingoja utage."

Mwisho wa Novemba, asubuhi ya sakitu ya kwanza, umande ukiwa umeganda, alifungua dirisha akamwona. Bata maji wa kweli, ametulia ndani ya matete chini ya nyumba yake, mahali ambapo mtu wa ng'ambo hawezi kupaona. Mdomo mweusi, manjano pale unapoanzia. Kanemaru alisimama akimtazama mpaka vidole vikafa ganzi, na alipokumbuka simu, saa moja ilishapita kwa dakika kumi.

Simu ya Todaka ilikuwa inatumika. Akapiga tena, inatumika. Mara ya sita, inatumika. Yule mama hakuwa mtu wa porojo. Alisema simu ni ya wenye neno la kusema. Kanemaru akatoka na kandambili za bafuni, akarukia baiskeli na kushika njia ya tuta, magoti yakilia kuliko mnyororo.

Katikati ya njia, penye mlango wa kufungulia maji ya ziwa, alikutana naye. Todaka alikuwa anakuja mbio, aproni imepinda, mguu mmoja una soksi na mwingine hauna.

"Simu yako ina nini?" aliuliza huku anahema.

"Yangu? Yako ndiyo inatumika tangu asubuhi."

"Inatumika kwa sababu nakupigia wewe."

"Kunipigia mimi? Kwa lipi?"

Todaka alitazama maji. "Kukuuliza kama umeona bata wowote upande wako."

"Bila soksi?"

"Bata hawangoji soksi, Kanemaru."

Hapo ndipo Kanemaru alipomkumbuka ndege wake. "Mama, nimemwona. Bata maji. Safari hii ni kweli, twende ukamwone."

Walikwenda nyumbani kwa Kanemaru, yeye akikokota baiskeli. Dirishani kulikuwa na matete na maji yanayocheza kidogo, basi. Kanemaru alieleza mdomo mweusi, akaeleza manjano, akaonyesha urefu wa shingo kwa mkono wake mwenyewe. Alijiona mjinga kabisa. Todaka hakumkaripia, na hilo lilimuuma zaidi ya karipio. Alifunua sufuria ya wali, akachungulia ndani, akaifunika.

"Jifunike vizuri," alisema kwa upole. "Mimi nitaandika."

"Utaandika kweli?"

"Nikifika tu."

Alipoondoka, Kanemaru alikaa mezani na karatasi aliyopewa na ofisi ya kata tangu Oktoba, ile ya uangalizi wa wazee wanaoishi peke yao. Kwenye nafasi ya mtu aliyekabidhiwa kumwangalia, penye jina la Todaka Mitsue, akachora duara la siku hiyo. "Mzima. Ametembea mpaka kwangu. Hajashuku kitu," aliandika. Chini yake akaongeza: "Kesho nimwambie nimeona kunguru anapiga mbizi." Kupoteza bata maji kulimuuma, lakini alijipongeza: si kila mtu anaweza kujifanya mjinga mwezi mzima bila kugundulika.

Ng'ambo ya ziwa, Todaka alikuwa na karatasi kama hiyo hiyo, kutoka ofisi hiyo hiyo, na jina alilokabidhiwa yeye lilikuwa la Kanemaru. Alichora duara, akafikiri, kisha akaandika kwa masikitiko: "Anakula. Miguu ina nguvu. Akili ndiyo inamtoka: leo ameona bata maji."