Yenye Mkia

Alimbeba mkewe mgongoni, akapanda naye ngazi za kwenda juu ya paa huku akihema. Mgonjwa hakuwa na uzito tena, na hilo ndilo lililomkata maini.

"Mzee, una wazimu wewe," mke alimwambia sikioni. "Daktari kasema nisitoke kitandani."

"Daktari kasema mengi."

Mengine alikuwa amemwambia mume pembeni, asubuhi ile: ajiandae, zimebaki siku chache.

Mume alikuwa mwanaastronomia, mwindaji wa mawe ya angani. Aligundua asteroidi arobaini na ushei, na kwa kuwa mgunduzi huruhusiwa kuzipa jina lolote ila lake mwenyewe, ukoo mzima sasa ulikuwa ukilizunguka jua. Hata mama mkwe alipewa jiwe, akaambiwa lina umbo la kiazi, akanuna mwezi mzima. Mkewe tu ndiye aliyekataa katakata. "Jiwe la nini mie? Kwanza upate yenye mkia."

Nyota yenye mkia haichaguliwi jina. Huchukua la aliyeiripoti wa kwanza, basi. Mara tatu mume aliipata, mara tatu akakuta ametanguliwa, na mara zote alimlilia mkewe mapajani bila haya.

Jana jioni aliona kitone cha ukungu kisichokuwamo katika ramani yoyote. Leo kilikuwa kimesogea. Hakumwambia mtu. Hata mkewe hakumwambia; bado alilinganisha kitandani picha za anga ambazo mume alizipiga kila jioni, ila siku hizi alikuwa akisinzia juu ya kompyuta.

Alimkalisha, akamsogeza jicho kwenye darubini. Mawingu yalikuwa yanakuja.

"Unakiona? Tafadhali, mama watoto, angalia vizuri!"

Mke alifumba jicho la pili, akaangalia.

"Nakiona," mke alisema hatimaye. "Kizuri." Wala hakuuliza ni nini.

Alipomrudisha kitandani, mume alikwenda jikoni akaandika ripoti. Penye jina la mgunduzi aliweka la mkewe. Ndoto ya maisha yake ikaenda hivyo hivyo, na hakuisikitikia. Aliomba kitu kimoja tu: jibu lije mkewe angali hai.

Kesho yake mke hakuweza kumeza hata maji. Mchana simu ikalia, ujumbe umeingia.

"Asante kwa taarifa. Nyota-mkia hii iliripotiwa juzi na sasa imethibitishwa."

Hakusoma zaidi. Aliupiga ukuta ngumi mpaka mkono ukavimba. Mara ya nne! Kwa nini hakuripoti juzi ile ile? Kwa nini alingoja? Aliosha uso, akaamua atamdanganya. Atamwambia imekubaliwa, aondoke na furaha hiyo.

Aliingia chumbani, akapiga magoti kando ya kitanda. Mke alifumbua macho kwa shida. Midomo ilikuwa imemkauka, lakini alikuwa anatabasamu.

"Wamejibu?" alinong'ona.

Mume aliduwaa. Hakuwa amemwambia kwamba ameandika popote.

Akaitoa simu, akalisoma jibu tena, safari hii mpaka mwisho. Chini kabisa, penye anwani ya mtumaji, palikuwa na ya mkewe; penye jina la mgunduzi, palikuwa na jina lake yeye, mume.