Koti la Marehemu

Taa za ukumbi wa sinema zilipozimwa, Siwema aliuona kwenye pazia jeupe mji aliozaliwa, na moyo wake ukalainika. Kisha akauona msiba wa baba yake.

Mzee Lipunda, mtani wa ukoo wao, alikuwa amevaa koti la marehemu. Alichechemea kama marehemu, akakohoa kama yeye, akawadai wafiwa chai. "Nimekufa na njaa," alilalamika, "na ninyi mnalia tu?" Ukumbi mzima ulicheka. Msimulizi wa filamu akaeleza kwamba watu hawa hawaijui huzuni.

Bi Sauda, ambaye mwanawe alikuwa amemchumbia Siwema, alimwinamia. "Mwanangu, kumbe kwenu mnawacheka maiti. Nikifa mimi itakuwaje?"

"Yule anayeigizwa ni baba yangu, mama." Siwema hakuyaondoa macho kwenye pazia. "Mtani hutuchekesha ili tupate kumeza japo tonge. Jioni ile Mzee Lipunda ndiye aliyeshuka kaburini kuupokea mwili wake. Miguu ilimwishia nguvu, tukamtoa kwa kumbeba, koti limejaa udongo. Hapo wenye filamu hawakupiga picha."

Filamu iliisha, taa zikawashwa.

"Sisi hatuna mtani," alisema Bi Sauda, akijifunga upya mtandio. "Nani atavaa nguo zangu?"

Siwema alisimama. Vijana walikuwa wakitoka huku wakichechemea kwa dhihaka, na mmoja wao alimwiga baba yake Siwema sawasawa, hata namna ya kuinamisha bega. Siwema alimtazama, akatamani asifike mlangoni upesi.