Mwiteni Baba Kila Mlango

"Baba, tunakata kona ya kulia!" Zhixian alipaza sauti katikati ya ukumbi wa uwanja wa ndege, na watu wakageuka. "Kulia, baba!"

"Nimesikia. Kwani mimi kiziwi?" alinung'unika Mzee Tianshui, akakata kona nyuma ya watoto wake wawili.

Aibu ilimshika, lakini angefanya nini? Tangu atoke hospitali kifua hakimbani tena, kikohozi kimekatika kabisa, ila miguu ndiyo imeleta kiburi: haisogei mpaka aitwe. Kwenye lifti walimsahau kidogo, akaganda palepale. Hadi binti yake Meihui aliposhtuka, "Mungu wangu, hatukumwita!" akarudi mbio, "Baba, twende, tunaingia kwenye lifti!" Ndipo miguu ikakubali.

Ndege hakuwahi kupanda maishani, na watoto wake vilevile. Watu wa visiwa vya Penghu wa rika lake ni watu wa meli. Mzee aliwahi kuapa mbele ya mkewe, Axiu, kwamba dude la chuma lisilogusa maji wala ardhi halimpeleki popote. Lakini upepo wa kaskazini ulikuwa umezuia meli wiki nzima, na Axiu alikuwa kule kisiwani anasubiri. Nyonga zake mbovu, hata kizingiti ni shida kukivuka. Siku mzee alipoletwa huku ng'ambo kutibiwa, Axiu alimshika mkono akamwambia, "Vyovyote itakavyokuwa, urudi nyumbani. Peke yangu humu ndani siwezi, Tianshui. Siwezi."

Hilo tu ndilo mzee alilolitaka sasa: afike, amsikie Axiu akimfokea kwa kuchelewa.

Msichana wa sare aliwafuata. Aliitwa Peiyu, na kazi yake ilikuwa kuwasaidia wanaosafiri kwa mara ya kwanza. Hao huwajua kwa kuwatazama tu.

"Mara ya kwanza, eh? Mnatetemeka kama mmeiba kuku!"

"Dada, tusaidie," alisema Meihui, macho yamemvimba. "Sisi washamba wa mambo haya. Na hofu yetu kubwa ni baba. Kuhani wa hekalu ametuonya, kila daraja, kila kona, kila mlango tumwite. Tukinyamaza mahali pamoja tu, atabaki hapohapo."

Peiyu aliacha utani. "Basi mwiteni, msione haya. Bibi yangu naye tulimwita hivyohivyo mpaka nyumbani. Tiketi yake mmekata?"

"Tumekata," alisema Zhixian. "Kiti cha dirishani."

"Dirishani! Mnataka nife kwa hofu?" mzee aling'aka.

Hakuna aliyemjibu. Ndivyo walivyokuwa siku hizi, kazi yao kumwamuru tu, kumjibu hawamjibu. Ilimuuma, ila alimeza.

Kwenye ukaguzi Peiyu aliwaelekeza taratibu, kwa sauti ya chini. Funguo, simu na sarafu kwenye trei. Mwavuli nao ufungwe. Zhixian aliufunga ule mwavuli mweusi kwa kusitasita, maana njia nzima alikuwa ameushika wazi, hata humu chini ya paa, kama kuhani alivyoagiza. Meihui naye alikuwa amekumbatia furushi la kitambaa cha manjano, hataki kuliachia.

"Liweke peke yake, polepole," alisema Peiyu. "Nitawaambia wenzangu walishike vizuri. Wewe kaka pita mstari huu, dada yako ule. Ule mlango haung'ati. Ukipiga kelele, simama tu, watakupapasa, basi yamekwisha."

Zhixian aligeuka nyuma. "Baba, tumefika kwenye ukaguzi. Subiri hapa nyuma ya mstari. Tukivuka tu, tunakuita."

"Haya, haya. Msichelewe," alisema mzee, akasimama.

Zhixian akapita. Kha! Mlango ukapiga kelele ukumbi mzima ukasikia. Mkanda! Alikuwa amesahau kuuvua. Mlinzi akamvuta pembeni, naye akanyoosha mikono juu kama jambazi, uso umemwiva, na mzee akacheka peke yake mpaka akasikia raha. Upande wa pili Meihui alipita amefumba macho.

Wakakutana kule mbele wakiwa wanahema. Meihui alidhani kaka yake, mtoto wa kiume, mwenye wajibu wa kuita, ameshaita. Zhixian, katika fadhaa ya kupapaswa, alidhani dada yake amemsaidia kuita. Wakatazamana, wakashusha pumzi, wakatabasamu kidogo kwa mara ya kwanza siku ile.

"Niiteni basi!" alisema mzee.

Zhixian alikuwa anafunga mkanda.

"Zhixian! Nimesimama huku!"

Alijaribu kuinua mguu. Wapi! Mwanamke mwenye sanduku alimjia kwa nyuma bila kupunguza mwendo, akapita palepale aliposimama, hata samahani hakusema. Nyuma yake familia nzima, na nyingine tena.

"Meihui, mwanangu! Mama yenu ananisubiri! Niite jina langu tu, nitakuja!"

Meihui hakugeuka. Spika zilikuwa zinawaita abiria wa Penghu, na Peiyu alikuwa anawahimiza, haya, haya, lango linafungwa.

Kwenye mashine, mlinzi alifunika vizuri kile kitambaa cha manjano, akauinua mtungi uliokuwa ndani yake kwa mikono miwili, akainamisha kichwa.

"Majivu ya marehemu haya, ni ya nani?"

"Ya baba yetu," walijibu pamoja, wakayapokea, wakakimbilia ndege.