Wali wa Watu Wawili

Mwalimu wa sayansi kimu aliwauliza wanafunzi wa kidato cha tatu wangependa kufundishwa nini muhula huo. Wengi walitaka keki. Mmoja akataka kushona suruali, darasa likacheka.

Kisha binti wa fundi saa akasimama. "Mwalimu, naomba utufundishe kupika wali wa watu wawili."

"Kwenu mko wangapi?"

"Mimi na baba. Lakini tangu mama afariki, kila nikipika unabaki wa mtu mmoja. Baba anaupakua kwenye sahani, anaufunika."

Mwalimu akamwita mbele, akafungua debe la mchele. Akajaza kikombe, akasawazisha kwa kidole, akamimina kwenye sufuria. Cha pili akakijaza nusu tu.

"Basi, huo unawatosha."

Binti akachungulia. Mchele ulikuwa umetandaa chini kabisa.

"Mwalimu, niongeze kidogo tu?"

Mwalimu alikuwa ameshashika kifuniko cha debe. Akakiweka mezani.

"Ongeza, mama."