Chuma cha Nyuma ya Bampa

Spana ikazunguka mara ya mwisho, na bampa la gari la thelathini na moja likaanguka kwenye mchanga wa gereji, mtaani Rusimbi.

Jovita akachungulia. Mwaka mzima alikuwa akichungulia hivyo, tangu gari lisilojulikana lilipombana binti yake Sia kwenye ukuta wa shule, likarudi nyuma na kutokomea. Mwaka huo wakimbizi walimiminika, magari ya misaada yakajaa barabara ya Kidahwe, na polisi hawakuona bampa lenye hata mkwaruzo.

Fundi Bonifasi peke yake ndiye aliyemwonea huruma.

"Bampa ni kama godoro, Mama Sia. Likigonga polepole linabonyea, halafu linarudi. Ila nyuma yake kuna vyuma viwili vinavyokula kishindo. Hivyo vikikunjika, ndiyo basi."

Akamwonyesha kwenye gari jekundu. Hata vyuma vyenyewe vilikuwa vyekundu. Kiwandani hupakwa rangi pamoja na bodi. Tangu siku hiyo, kila gari la misaada lililoletwa gereji, alimfungulia achungulie. Pikapu ya fundi mwenyewe, nyeupe, siku zote ilisimama pua ukutani.

Leo ilikuwa zamu ya gari la buluu la Walter, dereva wa kupeleka mahindi kambini. Lilikuwa limelala gereji siku mbili. Nyuma ya bampa, vyuma vilikuwa vimekunjika vibaya, vimejaa grisi.

"Ndiye," Bonifasi akanong'ona. "Nilikwambia, hawa watu wa kuja hawa!" Akamsogezea dumu la petroli na kiberiti. "Mimi sijaona kitu, mama."

Jovita akalishika dumu. Moto huu alikuwa ameuota usiku na mchana. Alitaka aliyemuua mwanawe asimame aone mali yake ikiteketea, alie kama alivyolia yeye.

Kwanza akapiga magoti. Akakifuta chuma kimoja kwa pindo la khanga, taratibu, kama alivyozoea kumfuta Sia uso.

"Mwana wanje, mwanangu," akasema.

Pindo likatoka jeusi kwa grisi. Chuma kikabaki na rangi nyeupe, si ya buluu.

Jovita akainuka na dumu lake. Akalipita gari la Walter bila kuligusa, akaenda kuimwagia petroli pikapu iliyosimama pua ukutani.